Pampu ya Somoe

Mwalimu Theresia alikabidhiwa afya za wanafunzi kwa sababu moja tu: aliwahi kumuuguza mama yake. Katika shule yao ya pembezoni mwa Likombe, hiyo ilitosha kuwa elimu ya udaktari.

Mwaka huo mzazi mmoja, mwanasheria, aliwaandikia mkataba wa dawa. Mzazi akishaweka saini, mwalimu atakayempa mtoto dawa kwa nia njema hatashitakiwa. Mwalimu Mkuu, Mathayo, aliufurahia kuliko matokeo ya mtihani. Akaifungia kabatini mikataba yote pamoja na dawa za watoto, ufunguo akautia mfukoni.

Ulipofika msimu wa kupulizia mikorosho, upepo ukaleta vumbi la salfa hadi madarasani. Somoe wa darasa la nne alikuwa na pumu. Siku moja, saa nne asubuhi, pumu ikambana, kifua kikawa kinapiga filimbi. Theresia akambeba mbio hadi ofisini.

"Fungua kabati, Mwalimu Mkuu!"

Mathayo akafungua, akatoa mkataba, akafunga tena.

"Mama yake ametia dole gumba. Hapa panatakiwa saini."

"Dole gumba ndiyo saini yake!"

"Mimi na wewe tunajua. Mahakama je? Ngoja nimpigie mwanasheria."

Simu ikaita weee, haikupokelewa. Somoe alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza, mabega yakipanda na kushuka. Theresia akaunyakua mkataba.

"'Atakayetoa dawa hatashitakiwa.' Haya, nioneshe palipoandikwa habari za atakayekataa kutoa."

Mathayo akaipekua karatasi mbele na nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe. Jasho likamtoka, na kabati likafunguka.

Theresia akaitikisa pampu ya dawa ya pumu, akamvutisha mtoto mara mbili, kisha tena. Baada ya robo saa Somoe aliuliza kama uji umekwisha.

Alasiri mama yake, Bi Mwanahamisi, akaingia mbiombio kutoka shambani, kanga imejaa vumbi lile lile. Mathayo akasimama tayari kujitetea, lakini mama akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu Mkuu, Mungu akulipe. Umeniokolea mwanangu!"

Mathayo akamtupia jicho Theresia, Theresia akatazama dirishani.

"Ndiyo kazi yetu, mama," Mathayo akajibu kwa unyenyekevu.

Jumatatu iliyofuata Theresia akapokea barua ya Mwalimu Mkuu: ajieleze kwa nini alitoa dawa kabla mkataba haujahakikiwa. Akajibu kwa mstari mmoja: "Somoe yupo darasani, aulizwe yeye." Pampu akaitia mkobani mwake, na Mathayo hakuiulizia tena.