Kiti cha Bibi wa Rokkaku

Siku gari la ng'ombe lilipokuja kumchukua Tazu, mjakazi Masume alikuwa jikoni akikoroga uji wa kunde nyekundu. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Baba yake, Bwana Mshauri, alikuwa ameamua alelewe na mke mkubwa, ambaye hakuwa na mtoto, na aitwe mtoto wa mke mkubwa, ili siku moja aolewe ikulu. Mama yake mzazi, Bibi wa Rokkaku, alikuwa binti wa ofisa wa mkoani, na binti wa mama kama huyo haolewi ikulu.

"Masume, nenda naye," alisema Bibi. "Awe na mtu mmoja anayenijua."

"Na huu uji, Bibi?"

"Nitaula mimi."

Hakuula. Alifariki kabla theluji haijayeyuka. Nyumbani kwa Bwana hakuna aliyevaa kijivu cha msiba, kwa kuwa hakuna aliyehesabiwa kuwa amefiwa, na jina la Bibi likapigwa marufuku.

Tazu alipofika miaka saba, mke mkubwa akashikwa na uchungu, na mtoto akagoma kutoka. Chumba kilizungushiwa mapazia meupe. Wanawake walirusha mchele, na wanaume uani wakavuta kamba za pinde zisizo na mishale, ili kufukuza pepo. Mtawa Joen, mpunga pepo, alikuja na viti vyake, wasichana wawili waliozoea kupandwa na pepo. Pepo aliyemshika mke mkubwa hakuwataka. Alikaa juu ya tumbo la mke mkubwa akijipepea, na mapazia yakawa yanatikisika.

"Mkaidi huyu," alisema Joen akijifuta jasho. "Viti vyangu hivi havijawahi kukataliwa."

"Kwani utamkalisha mtu mzima kwenye vitoto, Mheshimiwa?" aliuliza mjakazi mmoja. "Hata mimi ningekataa."

Masume alifungua nywele zake, akapiga magoti.

"Nipandisheni mimi."

"Umewahi?"

"Sijawahi. Nipandisheni."

Joen alisoma. Pepo akamwingia Masume kama mtu anayerudi chumbani kwake, na Masume akamsogezea nafasi upande wa kushoto wa kifua. Hapohapo mke mkubwa akajifungua mtoto wa kiume, aliyelia vizuri.

Lilibaki jina. Pepo akijitaja, au akitajwa na anayemjua, nguvu zake zimekwisha, lazima aondoke. Na kwa kuwa ulimi sasa ulikuwa wa wote wawili, Masume naye angemtaja, ingekuwa vilevile. Akabana meno.

"Sema, wewe nani?" alifoka Joen.

"Muulize huyo aliye nyuma ya pazia," ilijibu sauti ya Bibi, bila haraka. "Anitaje yeye, mtoto akisikia, nami nitaondoka leo hii. Asiponitaja, nakaa."

"Bwana, unamfahamu?" aliuliza Joen. "Neno moja tu, tumemaliza."

Barazani walikuwa wamejaa wageni wa ikulu waliokuja kupongeza. Tazu alikaa katikati yao akila keki ya mchele. Kumtaja yule pepo kungekuwa kumwambia kila mtu Tazu ni wa nani. Bwana Mshauri aliitambua ile sauti tangu neno la kwanza. Aliinamisha kichwa, akanyoosha mkono wa vazi lake.

"Simfahamu," alisema.

"Unasikia, Masume?" ilisema sauti.

"Nimesikia, Bibi," alijibu Masume kwa kinywa hichohicho. "Kaa."

Joen aliuliza afanye nini. Bwana akasema mke wake amepona, mtoto ni mzima, na pepo amepata pa kukaa. Akaamuru Masume apewe mkeka wa pili.

Miaka imepita, na sasa Masume hula sahani mbili. Mke mkubwa, ambaye si mtu mbaya na anapenda usingizi wake, ameagiza Masume asiwekwe mbali na Tazu, maana akiwekwa mbali mapazia huanza kutikisika. Bwana akipita huangalia bustani. Masika yajayo Tazu ataingia ikulu kama binti wa mke mkubwa. Nywele zake zimefika magotini, na kila asubuhi Masume humchana, kwanza kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, ambao huchukua muda mrefu zaidi.

"Harakisha kidogo, Masume," Tazu humwambia, na ule mkono wa kushoto huharakisha.