Miwani ya Mkwe Wangu

Nimetengeneza miwani kwa miaka thelathini na moja, na nimechoka. Mgongo umechoka, vidole vimechoka, na zaidi ya yote nimechoka kujitia hamnazo.

Fremu husema mambo ambayo mteja hajayasema. Miwani iliyokaliwa hutanuka mikono yote miwili ikalala bapa. Iliyoanguka huchubuka pembeni mwa lenzi. Iliyokanyagwa na gari haihitaji fundi, inahitaji jalala. Lakini ukiona mkono mmoja tu umeingia ndani, na pedi ya pua ya upande huohuo imekandamizwa, ujue miwani hiyo ilikuwa usoni mwa mtu ilipopigwa. Hilo nalijua tangu sijaota mvi.

Mara ya kwanza, mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, aliletwa dukani na jirani aliyemshika mkono. Macho yake ni mabovu sana. Bila miwani hajui kama mbele yake kuna mtu au nguo iliyoanikwa. Akaiweka fremu mezani, akafungua mdomo aseme. Nikaitazama, nikajua. Na mimi, mtu mzima na akili zangu timamu, nikamwahi.

"Umeikalia, eeh? Nusu ya wateja wangu huzikalia."

"Ndiyo, mama," akasema. "Nimeikalia."

Nikainyoosha chapuchapu kabla mteja mwingine hajaingia, nikajiona mama mkwe mwema. Tangu hapo jibu likawa hilohilo. Mara ya pili, ameikalia. Mara ya tatu ameikalia, na mdomo wa chini umevimba. Nikamtania kwamba makalio yake yana ugomvi na kazi yangu. Alicheka kidogo, kwa adabu. Nikikikumbuka kicheko kile natamani ardhi ipasuke inimeze.

Tena baada ya ile mara ya pili niliagiza jozi ya lenzi za akiba za namba zake, nikazitia kwenye droo. Nilijiambia ni uangalifu wa kazi. Upuuzi mtupu. Mtu haagizi akiba ya kitu asichotegemea kivunjike.

Mengine nayo yalikuwa wazi. Aliacha kufundisha watoto wa chekechea, eti kelele zimemchosha, yeye aliyekuwa akiimba nao mpaka sauti inakauka. Ukimpigia simu, anapokea mumewe. Ukimuuliza kama ameshiba, anamtazama mumewe kwanza. Wifi yangu aliwahi kuninong'oneza, "Huyu binti mbona amenywea hivi?" Nikamwambia ndoa changa zina mambo yake. Ndoa yenyewe ilikuwa na miaka sita.

Najua watu watauliza kama baba wa mwanangu alikuwa akinipiga. Hakunipiga hata siku moja. Nimetafuta pa kuitupia lawama hii mpaka nimechoka, sijapaona. Mwanangu ni mtulivu kama maji ya mtungini. Dawa zangu za presha huzikumbuka kuliko mimi mwenyewe. Nampenda, na nasema hivyo bila aibu.

Mara ya nne alikuja mwanangu mwenyewe. Ilikuwa saa tano asubuhi, shati lake limenyooka, miwani imo mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Mkweo huyo. Ameikalia tena." Akatikisa kichwa akicheka, kama baba wa mtoto mtundu.

Nikaipokea. Lenzi moja ilikuwa imepasuka. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani, pedi ya kushoto imelala.

"Kaa, nusu saa tu utakuwa nayo," nikasema.

"Aa, usijisumbue. Hata wiki mbili, mama. Wacha akae nyumbani kwanza, atulie. Siku hizi ana maneno ya kurudi kwao."

"Sasa huko nyumbani amebaki na nani?"

"Wa nini? Haoni, ataenda wapi?"

Alisema hivyo bila hasira, kama anayekuambia geti limefungwa. Hapo ndipo akili iliponirudia. Siku zote nilidhani wanagombana na miwani inavunjika kwa bahati mbaya. Kumbe kilichokuwa kikitafutwa ni hiyo miwani.

"Hii haikukaliwa," nikasema.

"Eti?"

"Ilikuwa usoni mwake. Nakuambia mimi, fundi."

Uso wake ukabadilika. Sikuwahi kuuona uso ule, lakini nadhani mkwe wangu anaujua vizuri.

"Mama, ndoa ya watu usiiingilie. Wiki mbili, nimesema." Akaenda kazini kwake.

Nikavuta droo. Nikafunga lenzi mpya, nikanyoosha mkono, nikainua pedi. Kisha nikafunga duka mchana kweupe, kitu ambacho sikukifanya hata nilipofiwa.

Mlango wa nyumba yao haukuwa na kufuli. Mwanangu hakulihitaji. Mkwe wangu alikuwa sakafuni, akipapasa nguo zilizofuliwa, akizitenga soksi za mumewe kwa vidole. Aliposikia hatua alikinga uso kwa kiganja.

"Ni mimi, mama yako."

Nikapiga magoti nikamvisha. Shavu la kushoto lilikuwa limevilia damu. Akapepesa macho, akanitazama, akasema hata kabla sijauliza, "Nimeikalia, mama."

"Hukuikalia. Neno hilo nilikupa mimi, na sikupaswa kukupa. Nisamehe."

Hakulia. Alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango.

"Amekutuma uje kuniangalia?"

Swali lile liliniuma, na nilistahili kuulizwa.

"Hajanituma. Hajui kama nipo hapa. Sema wewe unataka nini."

Akaiweka chini soksi aliyoishika, polepole, kama mtu ambaye hajaulizwa hivyo siku nyingi.

"Nataka kwenda kwa mama yangu. Lakini kwanza nataka iandikwe mahali. Isipoandikwa, atanifuata na maneno matamu, na ninyi nyote mtamsaidia kunirudisha."

Ninyi nyote. Nikamsaidia kutafuta viatu.

Kituo cha polisi kilikuwa na benchi moja na foleni ndefu. Tulipofikiwa, askari wa kike alimsikiliza mkwe wangu mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Na wewe ndiye mama yake?"

"Mama wa mumewe."

Kalamu ikasimama. Akanitazama mimi, akamtazama mkwe wangu, akadhani hajasikia vizuri. Nikamweleza yote: fremu zinavyopinda, mara zote nne, lenzi za akiba kwenye droo, na yale ya wiki mbili. Sikujiacha nje. Aliandika kurasa mbili.

"Haya," akasema. "Majina kamili ya anayelalamikiwa."

Mkwe wangu aliinamisha kichwa. Askari akasubiri. Nikalitaja mimi, jina nililompa mwanangu akiwa bado mikononi mwa mkunga, kisha la baba yake, kisha la babu yake, polepole, ili asikosee kuandika.