Alama ya Flaiwili

Kwenye banda la mafundi wa pikipiki pale Ruiru kulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: Kinyanjui akishasema, mjadala umekwisha. Alikuwa na miaka thelathini ndani ya grisi, na nusu ya mafundi wa pale aliwafundisha yeye. Wamboi hakuwa mwanafunzi wake. Ufundi wake aliupata kiwandani Thika, miaka kumi na miwili akirekebisha mashine za kusokota nyuzi. Kiwanda kilipofungwa, alinunua mnadani kipimo kidogo chenye uso wa saa, ambacho mshale wake husoma hata vipande vya milimita. Wanaume wa banda walikiita dawa ya mganga. Walikuwa wamemcheka mwaka mzima tangu ajiunge nao.

Jumanne asubuhi Rama wa Makongeni alishusha kutoka kwenye pikapu pikipiki ya marehemu baba yake, tu-stroki ya zamani, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Ilikuwa imetoboa pistoni mbili ndani ya miezi mitatu, na zote mbili Kinyanjui ndiye aliyezifunga. Safari hii Rama alimpita Kinyanjui akaenda moja kwa moja kwa Wamboi, na banda zima likaona.

"Hii ndiyo ya mwisho, mama," alisema, akimpa pistoni mpya iliyofungwa kwa gazeti. "Nimezunguka mpaka Nairobi. Wallahi ingine hakuna."

"Ukipiga kiki, inarudisha mguu?"

Rama akakunja suruali. Muundi ulikuwa na alama nyeusi kuanzia kifundo hadi karibu na goti. "Asante ya punda ni mateke," alisema.

"Hiyo ni nguvu," Kinyanjui alidakia kutoka kwenye kiti chake. "Tu-stroki ya ukweli lazima ipige teke. Ama unataka baiskeli?"

Watu wakacheka. Wamboi akaanza kazi. Kufikia saa sita alikuwa amefunga pistoni na silinda, ikabaki taiming, yaani kupanga ni wakati gani hasa plagi itoe cheche. Cheche ikiwahi mno, moto huikuta pistoni bado inapanda, unaigonga kichwani mpaka inatoboka. Pale bandani kazi hiyo ilifanywa kwa jicho: mkwaruzo wa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, ukikutana na mkwaruzo wa kwenye injini, pointi, vile vibati viwili vinavyoamsha cheche, zianze kuachana, basi, umemaliza, lete ingine.

Wamboi alitoa plagi, akafunga kipimo chake kwenye tundu. Akaizungusha flaiwili polepole mpaka mshale ukasimama na kuanza kugeuka. Pistoni ilikuwa imefika juu kabisa. Akaweka sifuri. Kisha akairudisha nyuma mpaka mikwaruzo miwili ikatazamana, akasoma. Milimita nne na nusu kabla ya pistoni kufika juu. Kwenye simu alikuwa na picha ya ukurasa wa kitabu cha injini ile, na kitabu kilitaka mbili. Akapima tena. Nne na nusu.

"Hii alama inadanganya," alisema.

Kinyanjui aliinuka. "Wee Wamboi. Hiyo alama iliwekwa na wenye kutengeneza pikipiki. Wewe ni nani?"

"Rama, flaiwili hii ilikuja na pikipiki?"

"Hapana. Ile yake ilipasuka miezi mitatu iliyopita. Baba Njau akatutafutia ingine."

Wamboi akamgeukia Kinyanjui. "Ya pikipiki gani, Baba Njau?"

"Inaingia vizuri," Kinyanjui alisema.

"Kuingia inaingia. Lakini alama ni ya injini ingine. Nguo ya kuazima..." Hakuimalizia, kwa heshima, lakini kila mtu alijua inavyoishia.

Uso wa mzee ukabadilika. "Sikiza. Kwa hili banda tunafunga kwa alama. Ukiitoa kwa alama na hiyo pistoni itoboke, ubebe sanduku lako, uende."

Wamboi aliogopa, asiseme mtu kwamba hakuogopa. Mabanda matatu yalikuwa yamemkataa kabla ya hili, mawili yakimwambia waziwazi kwamba mwanamke huleta maneno. Nafasi yake pale, benchi lenyewe na msumari wa kutundikia ovaroli, ndiyo ilikuwa ikimlisha yeye na binti yake Beth. Lakini alichokuwa nacho zaidi ya woga ni hasira. Alikuwa amechoka kuambiwa asione anachokiona.

"Sawa," alisema. "Nitabeba."

Akapitisha kipande cha karatasi ya sigara katikati ya pointi, akarudisha pistoni hadi milimita mbili, akalegeza sahani ya pointi na kuisogeza kidogo, kidogo tena, huku akiivuta karatasi kwa vidole viwili. Pale ilipoteleza ikatoka, akakaza skrubu. Mikwaruzo ilikuwa imeachana kwa upana wa kidole. Mafundi waliguna.

Rama akapiga kiki. Mguu haukurudishwa. Injini ikawaka, ila mlio wake ulikuwa mzito, bila ule ukali waliouzoea.

"Imelala!" Kinyanjui alipiga makofi. "Sikieni jamani, imelala!"

Hata Wamboi aliusikia ule uzito. "Enda mpaka Makongeni urudi," alimwambia Rama. "Na usiibembeleze."

Zile pistoni mbili za kwanza hazikuwahi kufika hata Juja, nusu ya njia. Wamboi alibadilisha breki za pikipiki nyingine, akazifunga kinyume, akazifungua tena. Saa moja ikapita, ikaongezeka nusu. Kisha Rama akaingia bandani na moshi wake wa buluu, akizomewa na mwenye kibanda cha chipsi, anacheka peke yake.

"Haijawahi kupanda mlima hivi! Mama, aki haijawahi!"

Wamboi alitoa plagi kwa kitambaa. Ilikuwa na rangi ya chai yenye maziwa kidogo, jinsi inavyotakiwa. Akaipitisha kwa mafundi, mmoja mmoja, hadi kwa Kinyanjui. Mzee aliigeuzageuza vidoleni.

"Umebahatisha," alisema, akamrudishia. "Haya, rudi kazini."

Angeweza kurudi. Nafasi yake ilikuwa salama, na wengine tayari walikuwa wakitawanyika. Badala yake Wamboi aliingiza bisibisi ndani ya flaiwili, akalegeza skrubu, akaivuruga sahani mpaka mwisho.

"Mama, tafadhali!" Rama alishika kichwa.

"Tulia."

Akafunga kipimo upya. Akatafuta juu, akaweka sifuri, akarudisha pistoni hadi mbili, akaichezesha sahani na karatasi mbele ya macho yao wote, mpaka karatasi ikateleza, akakaza skrubu. Kisha akaizungusha flaiwili upya na karatasi ingine, bila kuutazama mshale, akaiacha pale karatasi ilipoteleza. Akasogea kando na kuacha nafasi mtu kuinama.

"Soma wewe, Baba Njau."

"Si unajua kusoma?"

"Soma wewe."

Kinyanjui alitazama huku na huku. Hakuna aliyecheka. Akavaa miwani, akainama juu ya injini, akakaa hapo zaidi ya ilivyohitajika.

"Mbili," alisema chini kwa chini.

"Hawajasikia," Wamboi alisema.