Kremu Iliyonukia Mikebuka

Mume wangu ni Prospère, lakini hapa Kalemie mtu mwenye watoto haitwi kwa jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Miaka yote alikuwa Papa Dieumerci, hadi siku Dieumerci alipoiacha kazi ya reli, kazi ya baba yake na babu yake, akapanda pikipiki kwenda Manono kuchimba madini. Siku hiyo mume wangu aliwatangazia majirani kwamba tangu sasa yeye ni Papa Princesse, kwa jina la binti yetu mdogo. Jina la yule mwingine lisisikike nyumbani kwake. Majirani wakatii. Mimi nilikasirika, nikabaki Mama Dieumerci vilevile. Tukawa mume na mke wenye watoto tofauti.

Mwezi wa pili, maembe yakielekea kuisha sokoni, Dieumerci akanipigia simu. Alitaka kuja Pasaka.

"Mama, Papa atakubali niingie?"

Nikamjibu aje tu, nyumba ni yangu pia. Kisha nikakata simu nikalia, maana sikuwa na uhakika hata kidogo.

Tangu utotoni Dieumerci anapenda kremu ya maembe kuliko nyama. Pasaka haina maembe, kwa hiyo niliitengeneza mapema. Niliyamenya yaliyoiva hadi kulegea, nikayaponda, nikayachuja kwa kitambaa kuondoa nyuzi, nikayachemsha kidogo na sukari na ndimu. Yalipopoa nikachanganya na maziwa ya unga yaliyokorogwa mazito. Baada ya hapo ni kazi ya mkono: kremu ikianza kushika barafu unaitoa, unaikoroga kwa nguvu, unairudisha, tena na tena, la sivyo utatafuna mawe. Nikaifunika kwenye bakuli, nikaiweka chini kabisa ndani ya konjelateri yetu, friji ya kugandishia.

"Hiyo njo ya nani?" mume wangu akauliza.

"Ya mutoto wangu."

"Mutoto gani?"

"Ule wewe hauna."

Akatoka nje.

Jumatano ya Juma Kuu umeme ukakatika asubuhi. Hadi mchana haukuwa umerudi. Nikawa nafungua konjelateri kila mara kutazama, na kila nikifungua baridi inatoka. Nilijua, lakini mkono haukunisikia. Bakuli likaanza kutoa jasho. Maembe mengine ningeyatoa wapi? Nikaketi jikoni nimeshika tama. Prospère akasimama mlangoni, akanitazama, akachukua baiskeli yake akaondoka. Nilimlaani kimoyomoyo.

Alirudi jua likiwa bado juu, shati limelowa mgongoni, na gunia nyuma ya baiskeli likidondosha maji njia nzima. Alikuwa ameenda ufukweni kuwasihi wauza samaki wampe barafu iliyobaki, ile waliyolazia mikebuka, samaki wa ziwa letu. Akaipanga kuzunguka bakuli, akamwagia chumvi, akaifunika konjelateri kwa blanketi letu la kitandani.

"Papa Princesse," nikasema, "hii yote ni ya nini?"

"Konjelateri ikipata joto inaharibika. Mimi nachunga konjelateri yangu."

"Ah. Konjelateri."

"Njo vile. Na usifungue tena!"

Alhamisi umeme haukurudi, akaenda tena. Ijumaa Kuu, tulipotoka kwenye Njia ya Msalaba, akaenda tena. Mvua ilinyesha, nasi tukalala chini ya kitenge changu kama wageni wasio na mizigo. Nilimpenda sana siku zile, mzee yule mbishi, nikamwachia uongo wake.

Jumamosi Dieumerci akafika, ametapakaa tope kuanzia viatu hadi nyusi. Akasimama uani, hakuthubutu kuvuka kizingiti. Baba yake alikuwa sebuleni, redio ameibana sikioni, na redio yenyewe haikuwa na betri. Nikamvuta mwanangu ndani, nikamkalisha, nikaleta bakuli. Kremu ilikuwa imeshika vizuri. Akatia kijiko mdomoni, akafumba macho, kisha akayafumbua.

"Mama... iko na harufu ya mikebuka."

Nikaonja. Kweli kabisa. Maji ya ile barafu yalikuwa yamepenya chini ya kifuniko. Kazi yangu yote ile! Nilitaka kupiga kelele, lakini nikamwona Prospère ameinamisha kichwa.

"Njo mimi," akasema taratibu, macho kwenye redio. "Umeme ilikatika. Nilileta barafu ya samaki. Sikupata ingine."

Dieumerci akamtazama baba yake, akalitazama blanketi lililolowa juu ya konjelateri. Akavuta bakuli karibu, akala. Machozi yalimtiririka juu ya tope, na hakukunja uso hata mara moja. Ilipofika nusu akamsogezea baba yake bakuli pamoja na kijiko. Prospère akala.

"Mubaya sana," akasema.

"Mubaya, Papa," Dieumerci akakubali. Wakaendelea kula, wakipokezana kijiko.

Ndipo jirani yetu, Mama Monique, akabisha hodi uani.

"Papa Princesse! Papa Princesse, uko?"

Mume wangu akafuta mdomo kwa kiganja.

"Mama Monique, achana na hiyo jina," akajibu kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Hapa iko Papa Dieumerci."