Hajazaliwa wa Kumwibia Aflah

"Mwizi wa Ulaya wa kumwibia Aflah hajazaliwa bado, na mama yake hata hajaposwa."

Maneno hayo aliyasema Aflah mwenyewe, amejivika mkoba wa dada yake kifuani kama anayebeba mtoto mchanga. Ilikuwa baada ya alasiri, sebuleni kwao Al Khoudh, Maskati, kahawa imeshamiminwa. Mbele yake alisimama dada huyo, Reem, mdogo wake, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Reem alikuwa amepata nafasi ya kwenda Roma kusoma usanifu wa majengo msimu wa joto. Tiketi ilikuwa haijakatwa. Mama yao, Bi Rahila, alikwishatoa hukumu: Aflah katoka huko juzijuzi, akisema mji una salama, mtoto ataenda, akisema hauna, basi, asimsumbue mtu.

"Haya, mimi ndo mwizi," Aflah akasema. "Nakujia na karatasi. 'Dada, tia saini, tunawasaidia viziwi.' Utafanya nini?"

"Ntatia saini."

"Ushaibiwa! Wewe unaandika jina lako na la babu yako na la kabila zima, mwenzangu yumo mkobani anachagua."

Bi Rahila alicheka mpaka kikombe kikamtikisika mkononi. "Na wale wanaomvisha mtu bangili za uzi, halafu wanamdai?"

"Nawaambia mimi mtu wa Maskati, mama. Navaa dhahabu tu."

Aflah akacheka nao. Alijua pa kucheka. Tangu Roma alikuwa hivyo: ulimi uko kazini, mengine yote yamelala, kama ufizi uliopigwa sindano na daktari wa meno. Alikuwa akingoja ganzi itoke, aumie, amalizane nayo. Haikutoka.

Maana huko Roma hakukutana na mtu wa karatasi wala wa bangili. Aliingia mkahawani, akaona meza nzuri dirishani, akaweka begi lake juu ya kiti ili watu wajue meza ina mwenyewe, kisha akaenda kuagiza. Ndivyo afanyavyo kila siku kwao. Maskati mtu huacha simu mezani, akaenda kusali, akaikuta inamngoja. Huacha gari linanguruma nje ya duka, kiyoyozi kinaupulizia usukani, yeye yumo ndani anachagua mikate. Aliporudi na kahawa yake, meza ilikuwepo. Kiti kilikuwepo. Akakaa, akainywa kahawa yote mpaka mashapo. Hakupiga ukelele, hakwenda polisi.

Begini mlikuwa na simu ya baba yao, aliyefariki mwezi wa Rajabu. Aflah aliichukua kabatini kimyakimya asafiri nayo. Mzee hakupenda kuandika. Mambo yake yote alijirekodi kwa sauti. "Kesho ninunue taa ya jikoni." "Miwani ya Reem, nisisahau." "Nimwambie Aflah apunguze mdomo." Sauti zile hazikuwa mahali pengine popote duniani. Mama alipoiulizia simu, Aflah alisema iko kwa fundi huko Seeb, betri imekufa. Akajiambia anasema uwongo kwa ajili ya Reem, apate kwenda. Hata hilo alijiambia bila kusikia kitu.

"Basi moyo wangu umetua," Bi Rahila akasema. "Kaenda na vitu vyake, karudi na vitu vyake. Reem, kata tiketi. Lakini kabla hujaondoka nnataka tukae sote tumsikie baba yenu. Aflah, simu haijatoka tu?"

"Betri inatoka Dubai, mama. Fundi kasema keshokutwa, inshallah."

"Fundi gani huyo? Jana nlimpigia."

"Ulimpigia wapi?"

"Kwa simu hiyo hiyo ya marehemu! Nlitaka kumuuliza lini. Kapokea mwanamke, kanisemesha maneno siyafahamu, na nyuma yake kengele zinalia, gong, gong. Nikasema labda duka lake liko karibu na skuli."

Aflah aliurekebisha mkanda wa mkoba kifuani.

"Fundi wake mwanamke, mama," alisema. "Mfilipino. Mcheshi kweli."

"Kaka," Reem akasema.

Hakupandisha sauti. Alikuwa ametazama chini, kwenye zulia.

"Nilikuwepo. Mama aliweka spika. Zilikuwa kengele za kanisa, na bibi yule alisema Kitaliano. Nimekisoma tangu Ramadhani, nilimfahamu. Nikakungoja useme mwenyewe."

Bi Rahila aliwatazama, mmoja kisha mwingine. "Useme nini? Kasema nini huyo bibi?"

Reem alijua tiketi yake imo ndani ya jibu hilo. Akalitoa.

"Kasema simu kainunua sokoni, mama, laini ya baba ingali imo. Kaikuta imefutwa, haina kitu ndani."