Nani Kaosha Gari Hili?

Teksi ilikuwa imeegeshwa mbele ya mlango, juani, na Breki alikuwa ameketi ndani yake nyuma ya usukani, haendi popote. Wateja wake wa asubuhi walipita kwa miguu wakimpungia mkono. Mwalimu aliyezoea kumpeleka shuleni kila siku alipanda pikipiki mbele ya macho yake, akageuza uso kwa aibu. Angemlaumuje? Shule haisubiri kioo cha mtu.

Walimwita Breki kwa sababu alikuwa akisimama hata kwa kuku. Kijiweni walimtania kwamba ukitaka kuchelewa mazishi yako mwenyewe, panda gari lake. Miaka yote hiyo hakuwahi kugusa gari la mtu, na hata safari hii hakugusa, aliguswa. Alikuwa kwenye foleni ya mafuta, gari limezimwa, lori la mabomba ya ujenzi likarudi nyuma bila kuangalia. Bomba moja lililochomoza likagonga kioo chake cha mbele. Kwenye kona ya chini ukabaki ufa mfupi kama kidole, na juu yake rangi nyekundu ya bomba. Dereva wa lori aliomba radhi, akaondoka zake.

Breki hakupaniki. Bima alikuwa nayo, tena ile kubwa, inayolipa mpaka vioo. Alijinyima mengi ili awe nayo. Akapiga simu.

"Gari libaki hivyo hivyo lilivyo," dada wa bima alimwambia. "Usiguse kitu mpaka mkaguzi aje. Ukigusa, umejiharibia mwenyewe."

"Anakuja lini, dada?"

"Atakupigia."

"Na nikifanya kazi wakati namsubiri?"

"Na kioo hicho? Trafiki wakikukamata, sisi hatumo."

Basi akasubiri. Kila alipopiga aliambiwa mkaguzi yuko nje ya ofisi. Alipigwa danadana mpaka nyumbani wakaacha kupika mchana, na mkewe akaanza kufua nguo za watu mtaa wa pili. Gari likajaa vumbi, ndege nao wakaligeuza choo. Breki hakulipangusa. Alikuwa mtu wa kufuata anachoambiwa.

Hatimaye simu ikaja: mkaguzi anakuja leo leo, mchana. Breki akatoka mbio kwenda kumpokea barabarani, maana nyumba yao haionekani kirahisi. Mkewe alikuwa kwenye nguo za watu. Mkewe alijua kwamba gari haliguswi. Mama yake Breki hakujua. Nani angefikiria kumkumbusha mama asiwe msafi?

Mama alisikia tu kwamba mkubwa anakuja kuangalia gari. Akalitazama lile gari, akaona haya. Mgeni mzima aje akute kinyesi cha ndege? Akabeba ndoo, akachukua sabuni na kitambaa, akaliosha kuanzia paa mpaka magurudumu. Ile rangi nyekundu ilimsumbua, akaisugua mpaka ikatoka. Kioo kilikuwa kimepata jua tangu asubuhi. Maji ya baridi yalipomwagika juu yake kikalia mara moja, na ule ufa ukakimbia kutoka kona mpaka kona. Mama akapangusa juu yake vilevile, pole pole, asijikate.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye viatu vizuri. Alilizunguka gari mara moja.

"Nani kaosha gari hili?"

"Ni mimi, baba," mama akajibu haraka, uso umechangamka. "Karibu sana." Akamletea kiti na maji ya kunywa.

Mkaguzi akanywa yale maji yote, akashukuru, akamvuta Breki pembeni.

"Uliripoti ufa wa kidole. Huu umepita kioo kizima. Na hiyo rangi ya bomba iko wapi?"

"Picha ninazo hapa kwenye simu, bosi."

"Picha kila mtu anapiga. Mimi naandika ninachokiona." Akaangalia juu ya mapaa ya nyumba za jirani. "Naweza kuona vingine, mzee. Lakini na mimi nina watoto."

Breki alimwelewa vizuri sana. Mfukoni alikuwa na funguo za gari tu. Alibaki amesimama, na mkaguzi alipoona amesimama tu, akaandika.

"Alifurahi mgeni?" mama aliuliza baadaye.

"Alifurahi, mama."

Jibu la kampuni lilikuja kwa sauti ya yule yule dada. Wamekataa. Mteja ameharibu ushahidi. Kama hakuridhika, alilete gari makao makuu likaguliwe upya, na huyo aliyeosha aje aeleze kwa mdomo wake.

"Nililete vipi, dada? Si ninyi mliosema nisiingie barabarani?"

"Hilo ni lako, mzee. Sisi tunakungoja."

Ikabidi amwambie mama. Mama alikaa kitandani, mikono mapajani. Hakuuliza nani alikosea. Akavaa gauni lake la harusi za watu, akajifunga kitambaa kichwani, na njia nzima akawa anajifunza maneno. Niseme mkubwa, au niseme bwana? Breki alisema vyovyote, mama. Aliendesha ameinamia usukani, akiichungulia barabara chini ya ufa.

Trafiki aliwasimamisha kabla hawajafika mjini. Akainama kusoma stika ya bima.

"Bima yako iko sawa kabisa," alisema, kama anayempongeza.

"Ndiyo, afande. Huko ndiko tunakokwenda."

"Basi mbona hawajakuwekea kioo? Mtu mwenye bima unatembeza watu na kioo cha namna hii? Shuka. Linavutwa."

"Afande, wametuita wao. Bila gari hawatanisikiliza."

"Utawaeleza liko yadi ya polisi."

Mlango wa pili ukafunguka. Mama akashuka, akanyoosha gauni, akaja kusimama mbele ya ile kofia na zile sare. Alidhani wameshafika makao makuu.

"Mkubwa, ni mimi niliyeliosha," alisema. "Mwanangu hana kosa. Mimi ndiye niliyeisugua rangi ikatoka. Niandike mimi."

Trafiki akamtazama, akamgeukia Breki. "Bibi anasema nini?"

Nyuma yao gari la kuvuta lilikuwa limeshafika, na mtu mmoja alikuwa amelala chini akifunga mnyororo.

"Mwambie asogee," trafiki alisema, "asije akaumia."

Mama hakusogea. Alidhani hajasikika, akaanza upya tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, huku teksi ikiinuliwa pua nyuma ya mgongo wake.