Mwanamke Aliyekataa Kusogea

Mchongaji alifika ukumbini asubuhi ya ufunguzi, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, akakuta sanamu yake imebatizwa jina jingine. Kando ya jiwe jeusi alilomenyana nalo mwaka mzima, hadi kiganja kikaota sugu juu ya sugu, kilitundikwa kibao: "Subira. Mama wa Kiafrika akingoja."

Yeye alikuwa ameiita "Sisogei".

Sanamu ilikuwa ya mwanamke aliyeketi chini, miguu mbele, mtoto kifuani, kiganja kimoja kimekandamiza ardhi. Huyo alikuwa bibi wa shangazi yake mchongaji. Enzi za kazi ya shuruti, watu walipokuwa wakivunja mawe ya barabara, mwanamke huyo aliomba ruhusa amnyonyeshe mwanawe aliyeshikwa na homa. Msimamizi akamnyima. Basi akaketi katikati ya njia, akamnyonyesha. Akaambiwa ainuke, hakuinuka. Wanaume wenye misuli walimvuta wakashindwa, na kulipopambazuka pale alipokuwa palikuwa na jiwe. Barabara ikabidi ipinde. Kona hiyo ipo hadi leo, na hakuna mtu wa ukoo anayeipita bila kupunguza sauti.

Mchongaji alikua na hadithi hiyo, kisha akaenda shule akarudi mjuaji. "Shangazi, mtu hageuki jiwe," alisema siku moja, akicheka.

Shangazi, ambaye ulimi wake ungeweza kukata kamba, hakucheka. "Walioona walikatazwa kutamka alivyouawa. Ukisema amepigwa, nawe unapigwa. Ungekuwa wewe ungesemaje? Walisema amekuwa jiwe. Nani atamfunga mtu kwa kusema jiwe?"

Kicheko kilimkauka. Mwezi ule ule akaanza kutafuta jiwe.

Sasa alimfuata mkurugenzi wa ukumbi, mtu mpole wa miwani, aliyekuwa akipanga viti. "Nani amebadilisha jina?"

"Dada yangu, sanaa ina tafsiri nyingi. Lile jina lako lina hasira. Wageni wetu wanataka kuguswa, si kugombezwa."

"Lina hasira kwa sababu huyu aliuawa."

"Hilo halina ushahidi. Ni ngano ya ukoo, na nzuri tu."

"Na huyo mama wa Kiafrika anayengoja, nyinyi mlimwona wapi? Anangoja nini?"

Mkurugenzi akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Vijitabu vimeshachapwa. Vumilia, dada. Subira yavuta heri."

"Kwetu ilivuta viboko," akasema, akatoka nje kuwapigia simu wapakizi.

Walikuja na lori na winchi ya mnyororo, wakati wageni nao wakianza kuingia na nguo zao za kunukia. Mkurugenzi alisimama mlangoni, tabasamu limemganda. Mpakizi mmoja alijaribu kuiinua sanamu kwa bega, akarudi nyuma.

"Bibi huyu amekula nini? Ni nani?"

Mchongaji akamweleza. Hakupaza sauti, lakini alieleza yote, homa, mtoto, msimamizi, kona, na wageni wakasogea na glasi zao wakamsikiliza. Wapakizi walipoisukuma sanamu kuelekea mlangoni, mkurugenzi alikuwa wa kwanza kupisha.

Kwenye pembe nyingine ya ukumbi alikuwepo mzee wa fani, waliyemwita Fundi Shaba. Vichwa vya shaba alivyovisubu kwa kuiyeyusha vilikuwa sura za wajomba zake waliofukiwa na udongo machimboni. Ukumbi ulikuwa umeviita "Mizimu". Aling'oa kibao, akakiweka kwenye kiganja cha mkurugenzi. "Vichwa naviacha hapa viuzwe, nina watoto wa kulisha. Hili jina chukua."

Mchongaji hakuitwa tena kwenye ukumbi ule. Mkurugenzi alisema redioni kwamba wasanii wa siku hizi ni wakorofi, naye mchongaji akamsikia akiwa ananoa patasi, akainoa kwa nguvu hadi cheche zikaruka.

Sanamu ilikaa nje ya karakana yake, hapo ambapo mpita njia yeyote angeweza kuigusa. Shangazi alikuja kuitazama. Aliizunguka polepole, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Bibi hakuwa na pua hii."

"Kwani ulimwona, shangazi?"

"Sikumwona. Lakini pua hii ni ya kwa kina mama yako, na wao hawakuvunja mawe yoyote."

Mchongaji alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hasira haikumtoka, wala hakutaka imtoke. Alimvutia shangazi kigoda, akakaa chini mbele yake.

"Haya, niambie. Wale wengine waliokuwa naye barabarani siku ile walikuwa akina nani? Anza na aliyekuwa karibu naye."

Shangazi akavua viatu, akaanza kusema.